Mandu na gyoza za friza: haziyeyushwi, na wala si kitu kimoja

Kijana wa Daejeon (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Kila wakitajwa Watanzania na Wakenya wanaosoma Korea au Japani, lazima atokee mtu wa kuuliza hizi mandu na gyoza za kwenye friza zinapikwaje, na jibu linakuwa lile lile: fuata maelezo ya pakiti. Pakiti yenyewe imeandikwa Kikorea mwanzo mwisho. Basi nafungua uzi, nieleze ninavyozijua kutoka huku Daejeon, Korea, na walioko Japani, Uarabuni na Marekani waongezee au wanipinge.

Kwa ambaye hajakutana nazo: ni unga wa ngano uliosukumwa mwembamba, ukawekewa nyama na mboga zilizokatwakatwa, ukakunjwa na kufinywa pembeni, kisha zikagandishwa kiwandani. Asili ni Uchina. Wakorea wana mandu zao, Wajapani wana gyoza zao. Mtu wetu akiziona tu anazihesabu kuwa sambusa na kuzitumbukiza kwenye karai la mafuta. Sambusa inataka mafuta tangu mwanzo mpaka mwisho. Hizi zinataka maji kwanza, mafuta baadaye.

Kabla ya yote: HAZIYEYUSHWI. Zinatoka friza zinaingia jikoni zikiwa ngumu kama zilivyo. Ndani kuna kabichi, na kabichi ni maji matupu. Ukiziacha mezani ziyeyuke, yale maji yanatoka kwenye mboga yanalowesha unga, unga unakuwa gundi, moja inashika nyingine, ukiinua ngozi inabaki chini na nyama unaokota kwa kijiko. Zikiingia zimeganda, ngozi inaiva kwa mvuke kabla maji ya ndani hayajaifikia. Hakuna siri nyingine.

La pili ni kwamba mandu na gyoza hazipikwi kwa akili moja. Gyoza ya Kijapani ni ndogo, ngozi nyembamba, ndani nyama ya kusaga, kabichi, kitunguu saumu na nira (majani ya jamii ya vitunguu, yana harufu ya saumu). Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya frampeni: chini ikauke na kulia kwenye meno, juu ibaki laini. Mandu ina mzigo mkubwa zaidi. Mkorea anaweka tofu, majani ya vitunguu, na tambi zinazong'aa za wanga wa viazi vitamu, pamoja na nyama. Unaweza kuikaanga, lakini ukinibana niseme, mandu kubwa ni ya mvuke au ya supu. Kuikaanga tu ni kuidhulumu.

Frampeni basi. Iwe ile isiyoshika. Weka mafuta vijiko viwili vikubwa frampeni ikiwa bado baridi, panga gyoza ubavu bapa ukiwa chini, zisigusane. Washa moto wa wastani. Zikianza kulia kidogo, mimina maji yafike theluthi ya kimo chake, funika haraka. Dakika tano hadi saba kutegemea ukubwa, usifunue funue. Ukifunua, maji yaliyobaki yaache yakauke. Hapa tumia masikio: mlio wa kuchemka unageuka mlio wa kukaanga. Ukiusikia, zungushia mafuta kidogo ya ufuta pembeni, subiri rangi ya kahawia, zima. Ziache zipumue kidogo ndipo uzinasue.

Supu (manduguk) ni rahisi kuliko hiyo. Wakorea wengi wanaanza na dagaa wakavu wa baharini na kipande cha mwani mkavu mnene unaoitwa dasima, wanachemsha, wanachuja, wanatia kitunguu saumu na soya sosi kidogo. Supu ikichemka unatumbukiza mandu zimeganda. Zikielea zipe dakika mbili tatu zaidi, mwagia yai lililopigwa kwa kuchora duara, nyunyiza majani ya vitunguu. Siku ya Seollal, mwaka mpya wao wa kalenda ya mwezi, wanaongeza vipande vya keki ya mchele, inakuwa tteok-manduguk. Wa mikoa ya kusini wengi hula keki ya mchele bila mandu. Mandu ndani ya hiyo supu ni mambo ya watu wa kaskazini, na Pyongyang wanajulikana kwa mandu kubwa kweli kweli.

Kuhusu pakiti: huku friza za supamaketi zina ukuta mzima wa mandu. Kwa miaka mingi mfalme alikuwa Gohyang Mandu ya kampuni ya Haitai, iliyotoka 1987. Desemba 2013 kampuni ya CJ wakaleta Bibigo Wang Gyoja, kubwa, nyama na mboga zimekatwa vipande badala ya kusagwa mpaka uji, soko likageuka. Mwaka 2020 mauzo ya mandu za Bibigo yalipita won trilioni moja, na sehemu kubwa yalikuwa nje ya Korea. Pulmuone nao 2019 wakaja na mandu yenye ngozi ya milimita 0.7, ukiishika kwenye mwanga unaona kilichomo. Hiyo ya Pulmuone kwangu ndiyo bora kwa mvuke, ila kwenye supu inachanika upesi. Wang Gyoja inavumilia supu.

Karibuni.

Jiko la Mkaa

Mtoa mada umeeleza vizuri, lakini kwa heshima zote chakula cha friza ni uvivu tu uliofungwa kwenye nailoni. Mwanamke wangu akiniwekea kitu cha pakiti mezani nitamuuliza ameshindaje nyumbani. Unga upo, nyama ipo buchani, kabichi ipo sokoni. Kwa nini mtu asitengeneze?

Mkazi wa Utsunomiya

Jiko la Mkaa, kaka yangu, hiyo kauli yako iliwasha moto Japani mwaka 2020. Kuna mama aliandika Twitter kwamba aliandaa gyoza za friza, watoto wakafurahi, mume akamwambia huo ni utegaji kazi. Watu walimshukia yule mume si mchezo. Ajinomoto, ambao ndio wakubwa wa gyoza za friza huku, wakajibu kwenye akaunti yao kwamba si utegaji: kukata, kukanda na kufinya kumeshafanywa na jiko kubwa la kiwandani kwa niaba yako, na muda uliobaki utumie na wanao. Ni biashara hiyo, najua, lakini hoja ina uzito. Wewe umeshawahi kukata kabichi nusu kilo ikawa chenga, ukaikamua maji kwa chumvi, ukafinya gyoza za familia moja moja? Jaribu Jumamosi moja, kisha urudi hapa.

Mtoa mada, nakuunga mkono kwa kutoziyeyusha, lakini kwenye maji na mafuta nakupinga kidogo. Si gyoza zote. Za Ajinomoto za sasa hazitaki mafuta wala maji. Zilianza kuuzwa 1972, mwaka 1997 wakaondoa haja ya mafuta, 2012 wakaondoa na haja ya maji. Chini ya kila gyoza kuna tabaka jeupe lililoganda, humo mna maji, mafuta na wanga tayari. Unazipanga, unafunika, moto wa wastani dakika tano, unafunua zikauke. Ukiongeza maji yako unazichemsha, ukiongeza mafuta hazishiki lile bawa la kukauka pembeni. Osaka Ohsho nao wana za namna hiyo, wao hata mfuniko hawautaki.

Na zikishika? Mwaka 2023 Ajinomoto waliona mtandaoni picha ya gyoza zao zimegandamana na frampeni ya mtu. Badala ya kubisha, wakaomba wateja wenye frampeni zilizochoka wawatumie wazifanyie majaribio. Zikaja zaidi ya elfu tatu.

Bi Mwera

Assalaam aleikum jamani. Niko Maskati, dukani huku nimeziona za Kikorea na za Kijapani zimepangwa pamoja. Zenye alama ya halali sina shida nazo. Ila mwanangu yuko Seoul masomoni na yeye haogopi kitu, ananambia "mama hii ni ya kamba, haina neno". Mie roho hainitulii. Ya kamba kweli ni kamba tupu?

Kijana wa Daejeon (mtoa mada)

Waaleikum salaam mama. Roho yako ina haki. Mandu nyingi za kamba huku zina nguruwe ndani, nyama au mafuta yake, kwa sababu kamba peke yake hutoka kavu. Za kimchi ndiyo usiseme, nyingi ni kitimoto na kimchi pamoja. Picha ya mbele ya pakiti haisemi kweli yote.

Mwambie kijana ageuze pakiti. Sheria ya Korea inataka vitu vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio vitajwe pembeni ya orodha, na nguruwe yumo kwenye hiyo orodha. Atafute 돼지고기, huyo ni nguruwe. 닭고기 ni kuku, 쇠고기 au 소고기 ni ng'ombe, 새우 ni kamba. Mafuta ya nguruwe huandikwa 돈지 au 라드. Akiona moja ya hayo arudishe. Kisha kutokuwepo nguruwe peke yake hakuifanyi nyama ya kuku ichinjwe. Atafute neno 할랄 au alama ya Shirikisho la Waislamu wa Korea, KMF. Asipoipata supamaketi, apande treni mpaka Itaewon. Mlimani pale pana Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa 1976, na mtaa mzima chini yake ni maduka ya halali.

Zipo pia za mboga tupu. CJ walitoa jina la PlanTable mwishoni mwa 2021, ni mandu zisizo na kitu cha mnyama. Ila asome na hizo, maana kutokuwa na nyama si sawa na kuwa halali. Viungo vingine hutiwa pombe ya mchele.

Mkazi wa Utsunomiya

Niongezee upande wa Japani, Bi Mwera, kama ana rafiki huku. Nguruwe ni 豚肉. Kuku 鶏肉, ng'ombe 牛肉, mafuta ya nguruwe ラード, jelatini ゼラチン, pombe 酒. Jelatini ndiyo inayowaponza wengi, hutiwa ili gyoza itoe mchuzi ukiuma, na mara nyingi imetokana na nguruwe. Gyoza za kuku za supamaketi karibu zote zina kitu kimoja kati ya hivyo. Tokyo nenda Shin-Okubo, mtaa wa Wakorea; nyuma ya stesheni kuna kichochoro cha maduka ya Waislamu, gyoza za halali za kuku hupatikana.

Bi Mwera

Ahsanteni wanangu, Mungu awalipe. Nimeyapiga picha hayo maandishi nimemtumia. Amejibu "sawa mama". Hiyo "sawa" yake naijua mie.

Mwananchi wa Kasarani

Wadau, mimi niko Nairobi. Hizi vitu ziko kwa maduka ya Wachina na Wakorea pande za Kilimani. Shida yangu ni moja: stima ikipotea masaa sita, friza ya duka inayeyuka, stima ikirudi zinaganda tena, na mwenye duka hasemi. Nitajuaje nauziwa zilizoyeyuka?

Kijana wa Daejeon (mtoa mada)

Hilo swali zuri kaka, na hata huku linafaa wakati wa joto kali. Tikisa pakiti. Kiwandani zinagandishwa haraka kwa baridi kali, kila moja kivyake, kwa hiyo zikiwa salama zinagongana ndani ya pakiti na kutoa mlio wa mawe. Ukishika ukakuta bonge moja, ziliyeyuka zikashikana. Angalia pia barafu: vumbi jembamba la barafu ni kawaida, lakini vipande vikubwa vya barafu vilivyokaa kona moja ni maji yaliyotoka ndani ya mandu yenyewe. Ngozi ikiwa na madoa meupe makavu na nyufa, hiyo imekaa sana friza na imekauka. Hiyo haitakuua, ila itapasuka kwenye supu.

Bonge sinunui hata wakipunguza bei nusu. Kuganda polepole kwenye friza ya duka kunatengeneza chembe kubwa za barafu, zinachana mboga ndani, utakula uji. Na kama zilikaa na joto muda mrefu, hiyo ni nyama iliyokatwakatwa, bakteria zimeshakula kabla yako. Kugandisha tena hakuzifuti.

Nyumbani, friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukifungua pakiti, toa hewa, funga, rudisha mara moja. Usiache pakiti mezani wakati unapika.

Jiko la Mkaa

Nyie mnaongelea bakteria, mimi nasikia kule Japani watu waliwahi kula gyoza zenye sumu. Au nimesikia vibaya?

Mkazi wa Utsunomiya

Umesikia sawasawa. Mwanzoni mwa 2008 ilijulikana kwamba watu kumi wa mikoa ya Chiba na Hyogo waliugua vibaya kwa gyoza za friza zilizotengenezwa Uchina. Ndani ilikutwa dawa ya kuua wadudu, methamidofosi. Ilichukua miaka kumpata mhusika: alikuwa mfanyakazi wa kiwanda aliyekuwa na kinyongo cha mambo ya kazi, alidunga sumu kwa sindano kupitia pakiti. Mahakama ya Uchina ilimfunga maisha mwaka 2014. Hiyo haikuwa habari ya friza wala ya mapishi, ilikuwa jinai. Lakini ilibadilisha tabia za Wajapani, mpaka leo mtu anageuza pakiti kusoma imetengenezwa wapi kabla ya kusoma ina nini.

Baba Wawili wa Minnesota

Wakuu nimechelewa, zamu za usiku hizi. Huku Marekani hizi vitu zimejaa. Wengi tunaanzia Costco, kuna Bibigo wontoni ndogo za kuku na giligilani, watoto wangu wanazila mpaka naficha. Zile Ling Ling za siku nyingi kumbe ni mali ya Ajinomoto, waliinunua kampuni yenye hiyo chapa 2014. Na CJ wa Bibigo walinunua Schwan's mwaka 2019, kampuni iliyozaliwa hapa Minnesota, mji wa Marshall, iliyokuwa maarufu kwa pitsa za friza na malori ya manjano ya kuuza aiskrimu mlangoni. Kwa hiyo mandu ya Mkorea inapita kwenye njia za pitsa.

Swali langu: nina eafraya, sina muda wa frampeni. Zinatoka kavu, pembeni zinakuwa ngumu kama plastiki. Nakosea wapi?

Kijana wa Daejeon (mtoa mada)

Mkuu, ile ni hewa ya moto tu, haina maji. Ngozi ya unga ikipigwa hewa kavu bila mafuta wala unyevu, wanga wake hauivi, unakauka. Fanya hivi: zichovye kwenye maji sekunde moja zikiwa zimeganda, zikung'ute, zipake mafuta pande zote kwa brashi au mkono, ndipo uweke nyuzi 180 za Selsiasi, dakika kumi na kidogo, geuza katikati. Ukitaka ziwe nzuri zaidi, zipashe kwanza kwenye maikrowevu na maji kidogo umezifunika, dakika mbili, halafu eafraya imalizie. Ila kwa eafraya chagua mandu bapa ndogo. Ile kubwa nje inaungua ndani bado barafu.

Shemeji wa Tabata

Mimi naona mnazunguka. Mafuta mengi, moto mkali, mchezo umeisha. Jana nimezitumbukiza zikiwa na barafu, mafuta yakaruka mpaka dari. Nina malengelenge mkononi lakini zilikuwa tamu.

Kijana wa Daejeon (mtoa mada)

Pole shemeji. Barafu ikigusa mafuta ya nyuzi 170 na kitu inageuka mvuke papo hapo, mvuke unataka nafasi, unasukuma mafuta nje. Kukaanga kwenye mafuta mengi kunakubalika, kuna mandu maalumu kwa ajili hiyo, bapa, ndani tambi tupu karibu, wauza tteokbokki (keki za mchele zenye mchuzi wa pilipili) barabarani hukaanga hizo na kuzichovya kwenye mchuzi mwekundu. Kung'uta barafu yote, mafuta yawe ya moto wa wastani tu, weka chache chache kwa kijiko chenye matundu. Mafuta yakiwa makali sana ngozi inaungua na kati bado baridi. Mandu kubwa yenye nyama nyingi usiiweke kabisa humo, inapasuka.

Halafu usidharau ya kukaanga: migahawa ya Kichina ya huku ilizoea kuwatilia wateja sahani ya mandu za kukaanga bure wakiagiza tambi nyeusi za jajang. Ndiyo maana Wakorea wengine hawakubali kuilipia mpaka leo.

Mwananchi wa Kasarani

Sasa sosi. Mimi nazila na tomato sosi na pilipili. Nimeambiwa hapa kazini ni dhambi.

Mkazi wa Utsunomiya

Dhambi ndogo. Nyanya ni tamu, na ndani ya gyoza kabichi tayari ni tamu, unapandisha utamu juu ya utamu. Kinachotakiwa ni siki. Kawaida ya huku: soya sosi na siki ya mchele nusu kwa nusu, na tone la rayu, mafuta ya ufuta yaliyokaangiwa pilipili. Lakini jaribu hii, ndiyo mimi naitumia siku hizi: siki tupu na pilipili manga iliyosagwa nyingi, mpaka juu iwe nyeusi. Hakuna soya. Unasikia nyama yenyewe. Watu wa Kobe wao huchovya kwenye sosi ya miso, soya iliyochachushwa.

Bi Mwera

Siki na pilipili manga! Basi mie nitakamua ndimu, nitie na pilipili mbichi ya kuponda na chumvi chembe. Nyie siki yenu kaeni nayo.

Kijana wa Daejeon (mtoa mada)

Mama, hiyo ya ndimu nimeijaribu kwenye mandu za mvuke, inashinda siki. Wakorea kwao ni soya, siki, pilipili ya kusaga, ufuta na majani ya vitunguu. Ukiondoa soya hapo ukaweka ndimu, hakuna Mkorea aliyenifokea.

Na dagaa wakavu wa Zanzibar wanafaa kabisa kwenye ile supu, ni samaki wa jamii moja na wanaotumika huku. Toa vichwa na utumbo kabla ya kuchemsha, vinginevyo supu inakuwa chungu. Wakaange kidogo bila mafuta kwanza kuondoa shombo.

Mtoto wa Mjini

Uzi mtamu huu, nimeuhifadhi. Mkazi wa Utsunomiya, hebu tueleze lile bawa. Nimeona picha gyoza zimeunganishwa na kitu kama karatasi ya dhahabu.

Mkazi wa Utsunomiya

Hilo bawa linaitwa hane. Linajulikana zaidi kutokea Kamata, mtaa wa Tokyo, kwenye mgahawa mmoja ulioanza kuliuza 1983. Ukitaka kutengeneza: kwenye yale maji ya kumimina, koroga unga wa ngano au konflawa kijiko kimoja cha chai kwa maji nusu kikombe. Mimina yote mara moja, funika. Maji yakikauka unabaki utando mwembamba. Subiri pembeni ijinyanyue yenyewe, hapo ndipo mafuta ya ufuta. Kisha funika sahani juu ya frampeni, geuza vyote kwa pamoja kama unavyogeuza keki. Usitumie frampeni ya alumini iliyopauka, bawa litabaki chini yote.

Na kwa kuwa nimejiita jina la mji, nimalizie deni. Utsunomiya inajulikana kwa gyoza kwa sababu divisheni ya 14 ya jeshi ilikuwa na makao hapa na ilipelekwa Manchuria. Baada ya vita waliorudi walirudi na mapishi. Mbele ya stesheni kuna sanamu ya jiwe ya mwanamke aliyefunikwa ngozi ya gyoza, ya 1994. Mwaka 2008 ilipokuwa inahamishwa ilianguka ikavunjika, wakaiunga. Kila mwaka mji huu unapigania ubingwa na Hamamatsu na Miyazaki, kaya gani zimetumia pesa nyingi zaidi kwa gyoza. Hamamatsu wanazipanga duara na katikati wanaweka chipukizi za maharage zilizochemshwa. Miyazaki walichukua 2021 na 2022, Hamamatsu wakachukua 2023. Kichekesho: takwimu hizo hazihesabu gyoza za mgahawani wala za friza. Kwa hiyo sisi wa friza tunakula nje ya ligi.

Mtoto wa Mjini

Hahaha, haki ya Mungu. Na asiye na chombo cha mvuke afanyeje? Nina sufuria na chekeche tu.

Kijana wa Daejeon (mtoa mada)

Chekeche la bati linatosha, la plastiki litayeyuka. Maji yachemke kwanza sufuriani, yasiguse chekeche. Tandika majani ya kabichi au jani la mgomba ulilolipasha moto likalainika, panga mandu zikiwa zimeganda na nafasi ya kidole kati yake maana zinavimba. Funga mfuniko kwa kitambaa safi ili matone ya mvuke yasidondokee ngozi. Dakika kumi kwa za kawaida, kumi na tano kwa kubwa. Kata moja katikati uangalie: nyama isiwe na rangi ya waridi na kati iwe ya moto kweli. Yale majani ya kabichi usitupe, yamenyonya mchuzi.

Mama wa Presha

Mtoa mada mimi nina shinikizo la damu, daktari amenikataza chumvi. Nakula au naangalia tu?

Kijana wa Daejeon (mtoa mada)

Dada, la kiasi muulize daktari wako. Ninachoweza kukwambia ni kwamba mandu na gyoza zina chumvi tayari ndani, na soya sosi ndiyo inayopandisha zaidi. Nyuma ya pakiti ya Kikorea tafuta neno 나트륨, hiyo ni sodiamu, kwa miligramu; angalia kama wamehesabu kwa pakiti nzima au kwa gramu 100, maana hubadilisha. Chukua za mvuke, chache, na ile siki ya pilipili manga au ndimu ya Bi Mwera bila chembe ya chumvi. Supu iache, au chemsha mandu kwenye maji matupu uyamwage.